Damu Iliyowekwa Amana

Amana ni mali ya mtu iliyo mkononi mwa mtu mwingine. Katika miji ya pwani, tangu zama ambazo safari ya Basra au ya Ngazija ilikuwa ya miezi na si ya saa, msafiri aliyetaka kuondoka aliweza kumpelekea jirani yake sanduku, akamwambia, "Niwekee hili mpaka nirudi." Jirani hakupewa sanduku, alipewa kazi ya kulilinda. Hakuwa na ruhusa ya kulifungua, wala kulikodisha, wala kulikopesha kwa jamaa yake, hata kama jamaa huyo alikuwa mtu mwema mwenye shida ya kweli. Wanachuoni wa sheria ya Kiislamu walilipima jambo hili kwa mizani ya haki. Sanduku likiungua pamoja na nyumba pasipo uzembe wa mlinzi, mlinzi hadaiwi. Lakini akilitumia kwa haja yake mwenyewe pasipo idhini, hapo amehini, na lolote litakalolipata sanduku tangu saa hiyo ni juu yake. Kutumia ndiko khiana yenyewe. Haiulizwi kwanza kama mwenye sanduku alipata hasara.

Kipimo hiki kikongwe chatosha kupimia jambo jipya. Kila siku, katika hospitali za dunia nzima, wagonjwa hunyosha mikono wakatolewa damu. Mgonjwa huitoa kwa kuwa anaumwa, na aipokeaye huipokea kwa kuwa ameahidi kumsaidia. Baada ya kipimo, sehemu ya damu hubaki. Zamani masalio hayo yalimwagwa. Siku hizi mengi huwekwa katika majokofu yenye baridi ya digrii 80 chini ya sifuri, pamoja na karatasi zisemazo umri wa mgonjwa, maradhi yake, dawa alizopewa, na aghalabu kabila lake. Humo ndimo visomwamo vinasaba, yaani yale maagizo ya urithi yaliyomo katika kila chembe ya mwili, ambayo yakisha kusomwa huweza kunakiliwa na kupelekwa upande wa pili wa dunia kabla mgonjwa hajafika kwake kutoka hospitalini. Watafiti wengi huamini kwa moyo safi kwamba kilichobaki baada ya kipimo ni chao. Imani hiyo ni batili, na ubatili wake haupunguzwi hata kidogo na usafi wa mioyo ya wenye kuishika.

Yaliyowapata Wahavasupai yanafaa kuelezwa kwa urefu, maana ndani yake mna karibu kila hoja iletwayo upande huu na upande ule. Wahavasupai ni kabila dogo la wenyeji wa asili wa Marekani, watu wapatao 650, wenye kijiji chao cha Supai chini ya makorongo ya Grand Canyon, katika jimbo la Arizona. Barabara ya gari haifiki huko. Mtu hushuka kwa miguu, kwa nyumbu au kwa helikopta, na mifuko ya posta hushushwa kwa nyumbu hata leo. Kisukari kiliwaandama watu hawa kiasi cha kuwatisha. Walikuwako waliokatwa miguu, na walikuwako waliolazimika kulihama bonde lao ili wapate kusafishwa damu kwa mashine baada ya figo kushindwa. Mwaka 1989 walimwomba msaada mwanazuoni mmoja wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ambaye walikuwa wamemzoea kwa miaka mingi na kumwamini. Tangu mwaka 1990 hadi mwaka 1994 watu 100 na zaidi wa kabila hilo wakatoa damu.

Karatasi waliyoitia sahihi ilisema kwamba damu ingetumika kuchunguza vyanzo vya maradhi ya mwili na ya tabia. Kiingereza hakikuwa lugha ya kwanza ya wengi wao. Neno walilolisikia kwa masikio yao, na ambalo kwa ajili yake walinyosha mikono, lilikuwa kisukari. Uchunguzi wa kisukari haukuzaa jambo kubwa, wala si ajabu, kwani uchunguzi mwingi huisha hivyo, na hapana wa kulaumiwa kwa kutafuta asipate. Lakini damu haikurudishwa, wala haikumwagwa. Ilihifadhiwa, ikapita mikono mbalimbali, ikatumika kutafutia chanzo cha wazimu uitwao skizofrenia, ikatumika kupimia kadiri ya watu hao wanavyooana jamaa kwa jamaa, ikatumika kuonyesha njia ambayo mababu zao walipita kutoka bara la Asia. Kabila halikuambiwa. Habari zilitoka mwaka 2003, mwanamke mmoja wa Supai alipohudhuria chuoni baraza ambamo mwanafunzi alikuwa akitetea tasnifu yake ya udaktari iliyotokana na damu hiyo. Yeye akauliza swali moja tu: je, ruhusa ya kazi hiyo ilipatikana kwa nani?

Wako waliosema, na wako wanaosema hata sasa, kwamba Wahavasupai walidai makuu. Damu ilikuwa imekwisha tolewa, haikutolewa tena. Hakuna aliyechomwa sindano ya pili. Hakuna aliyeibiwa hata senti. Husemwa hivi kana kwamba mtu hana kitu kingine cha kuibiwa ila ngozi yake na fedha yake. Wahavasupai wanaamini kwamba asili yao ni bonde lile lile, na kwamba wao ndio waliokabidhiwa ulinzi wake; na dai lao la ardhi, ambalo walilipigania kwa vizazi katika nchi iliyowanyang'anya wenyeji wake karibu kila kitu, limesimama juu ya imani hiyo. Msomaji anaweza kuwa na yakini kwamba mababu wa wenyeji wote wa Marekani walitoka Asia, na yakini yake ikawa sahihi. Jambo linaloshitakiwa hapa si ukweli wa Asia. Jambo ni kwamba watu waliotoa damu ili waponywe walifanywa, pasipo kujua, mashahidi dhidi ya dai lao wenyewe. Shahidi huitwa barazani akajua ameitwa. Huyu alitolewa jokofuni. Ama kuhusu kuoana kwa jamaa, hakuna haja ya maelezo marefu. Hakuna kabila duniani, dogo wala kubwa, ambalo lingependa kusomwa hivyo katika majarida na watu wasiolijua jina lake.

Mashitaka yalifunguliwa mwaka 2004. Aprili 2010 baraza lenye mamlaka juu ya chuo lilikubali kulipa dola 700,000 kwa watu 41 na kuirudisha damu iliyosalia. Ulikuwa mwisho mwema kwa walioshitaki, walakini ulikuwa na hasara yake: kwa kuwa shauri liliisha kwa mapatano, hakuna hakimu aliyepata kutamka damu ile ilikuwa ya nani. Swali likabaki palipokuwa, na watafiti wa mahali pengine wakaendelea kulijibu kama walivyopenda.

Hoja iliyowategemeza wakubwa wa chuo ilikuwa upana wa maneno ya ile karatasi. Imeandikwa "maradhi ya tabia". Skizofrenia ni maradhi ya namna hiyo. Basi, shauri limekwisha. Hoja hii haikufa mwaka 2010. Imekua, ikapewa jina la heshima, ikaitwa ridhaa pana. Maana yake ni kwamba mgonjwa atie sahihi mara moja, leo, kwa uchunguzi wa leo na kwa kila uchunguzi utakaobuniwa kesho na mtondo, na watu ambao pengine hawajazaliwa. Barani Afrika njia hii ilikubaliwa na mradi mkubwa wa H3Africa, ulioanzishwa katika miaka ya 2010 kwa fedha za serikali ya Marekani na za Wellcome Trust ya Uingereza, na ambao mojawapo ya maghala yake ya sampuli liliwekwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Haki itendeke kwa mradi huo: uliongozwa na wanasayansi wa Kiafrika, ulijenga maabara, na kamati za maadili zilikaa juu ya kila kazi. Afadhali hivyo kuliko siku zile ambazo sampuli ziliondoka kwa ndege na zisisikike tena. Lakini kamati si mgonjwa. Kamati ya watu wema ikimjibia mtu swali ambalo hakuulizwa, bado hakuulizwa.

Ridhaa ni ya jambo lijulikanalo. Hakuna kadhi atakayefunga ndoa kwa ridhaa ya mwari aliyekubali kuolewa na mume ambaye jina lake litatajwa baadaye. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetia sahihi hati ya nyumba ambayo nafasi ya bei na nafasi ya mnunuzi zimeachwa wazi. Kwa nini, basi, mgonjwa peke yake, katika saa aliyo mnyonge kuliko saa zake zote, amekaa bao moja na wagonjwa wengine arobaini, mbele ya mtu aliyevaa joho jeupe ambaye kesho atamhitaji tena, atakiwe kutia sahihi isiyokubalika mahali pengine popote? Jibu la kweli ni kwamba sahihi hiyo ni nyepesi kuipata. Kukataa kwa mgonjwa mbele ya daktari wake ni jambo gumu, na wenye kuandika zile karatasi wanalijua.

Hapo ndipo hutolewa hoja ya pili, ambayo wengi huiona ngome isiyobomoka. Husemwa: majina yameondolewa. Damu haina jina. Ina nambari tu. Mtu asiyejulikana hawezi kudhurika.

Henrietta Lacks angeweza kuijibu hoja hii. Mwanamke huyu Mmarekani mweusi, mama wa watoto watano, alikwenda Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore mwanzoni mwa mwaka 1951, akiwa na saratani ya shingo ya kizazi. Kipande cha uvimbe wake kilikatwa pasipo yeye kuulizwa, kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo, umri wake miaka 31. Chembe zake hazikufa. Zikaongezeka maabarani, zikapelekwa kila pembe ya dunia kwa jina la HeLa, zikasaidia kazi ya chanjo ya polio na kazi nyingine ambazo hakuna mwungwana atakayezibeza. Naye alifichwa, kwa miaka mingi alitajwa kwa jina la kubuni, Helen Lane. Kwa hesabu ya wasemao kuwa kufuta jina kwatosha, mwanamke huyu alikuwa salama. Jamaa zake hawakupata habari mpaka miaka ya 1970, na walipozipata, watafiti waliwatoa damu na wao pia, baadhi yao wakidhani kwamba wanapimwa saratani. Kisha Machi 2013 wataalamu wa maabara moja ya Ulaya yenye makao yake Heidelberg walivisoma vinasaba vya HeLa, wakavitangaza hadharani, avichukue atakaye. Wajukuu wa Henrietta walikuwa hai. Vilikuwa vinasaba vya bibi yao, na sehemu yake ni vyao. Baada ya kelele, vikaondolewa. Agosti mwaka huo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilipatana na jamaa hao kwamba atakaye kuvisoma apeleke ombi mbele ya kamati ambayo wawili wa jamaa wanakaa ndani yake. Ilichukua miaka 62 jamaa za mwenye mwili kupewa viti.

Mtu anaweza kudhani kwamba aliyetambulikana ni HeLa tu, kwa ajili ya umashuhuri wake. Mwaka huo huo wa 2013 wataalamu wa Taasisi ya Whitehead, jimbo la Massachusetts, walithibitisha kinyume chake. Walichukua vinasaba vya wanaume vilivyokuwa vimewekwa wazi kwa watafiti pasipo majina. Kromosomu iitwayo Y hupita kwa baba kwenda kwa mwana, na katika nchi nyingi za Magharibi jina la ukoo hupita njia iyo hiyo. Wakailinganisha Y na orodha za koo zinazopatikana kwenye intaneti bila malipo, wakaongeza umri na jimbo la mtu, ambavyo havikuwa vimefutwa, wakafikia majina ya watu karibu 50. Hawakuvunja kufuli lolote. Waliingia kwa mlango uliokuwa wazi, tena wakafanya hivyo makusudi ili kuonyesha kuwa uko wazi. Tangu siku hiyo, yeyote amwambiaye mgonjwa kwamba damu yake haitajulikana kwa kuwa jina limefutwa, anamwambia neno ambalo wenzake wa taaluma wamekwisha kulikanusha kwa vitendo.

Damu ni jina. Hii si tamathali ya usemi. Lugha ya Kiswahili ilipohitaji neno la kuyaita haya maagizo ya urithi, ililichukua nasaba, ikalipa kiambishi cha udogo, likawa vinasaba. Wataalamu waliolibuni pengine hawakukusudia kusema neno lolote la sheria, lakini walisema. Nasaba haikuwa mali ya mtu mmoja katika Uswahili. Ni ya baba na mashangazi, ya waliokufa na watakaozaliwa. Anayeitukana hutukana watu wengi kwa kauli moja, na asiyeijua hakuaminiwa kuoa. Vinasaba vya mtoto nusu ni vya mama na nusu ni vya baba. Kwa hiyo mgonjwa atoaye ridhaa, hata akiwa amesoma kila neno na kulielewa, hufungua pamoja na sanduku lake masanduku ya ndugu zake ambao hawakuwapo chumbani.

Kwamba jambo hili si nadharia tupu, mambo matatu ya karibu yaonyesha. Aprili 2018 polisi wa California walimkamata mtu aliyenajisi na kuua watu wengi katika miaka ya 1970 na 1980. Hakuwa ameweka vinasaba vyake popote. Walimfikia kwa vinasaba vya jamaa zake wa mbali, waliokuwa wameviweka wenyewe kwa kutafuta asili ya ukoo wao. Hakuna wa kumhurumia mwuaji huyo. Lakini njia iliyowafikisha kwake haichagui mpitaji; hupitika vile vile kumwendea mkimbizi, au mama aliyemtoa mtoto wake alelewe na wengine, au mtu ambaye serikali haimpendi. Tena mwaka 2023, wezi waliingia katika hesabu 14,000 hivi za wateja wa kampuni ya 23andMe, wakatoka na habari za watu wapatao milioni 6.9, kwa sababu kampuni ilikuwa imewaunganisha wateja walioridhia na jamaa zao. Na Machi 2025 kampuni hiyo ilipoomba kinga ya mufilisi, vinasaba vya mamilioni ya watu vilitiwa katika hesabu ya mali za kuuzwa, kama meza na viti. Wateja hao, mtu atasema, walijipeleka wenyewe na kulipia. Ni kweli. Jamaa zao hawakujipeleka.

Kisiwa kidogo cha kaskazini, Aislandi, kililiona jambo hili mapema kuliko mataifa makubwa. Mwaka 1998 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kukusanya habari za matibabu ya raia wote katika ghala moja litakaloendeshwa na kampuni, na mtu ambaye hakukataa alihesabiwa kuwa amekubali. Watu wapatao 20,000 walikataa, katika nchi ambayo raia wake hawakufika 300,000. Binti mmoja alikataa kwa ajili ya baba yake aliyekwisha kufa. Akajibiwa kwamba haki hiyo haimhusu. Novemba 2003 Mahakama ya Juu ikampa binti ushindi, si kwa ajili ya baba, bali kwa ajili yake mwenyewe: habari za baba zaweza kufunua habari za mtoto, kwa hiyo mtoto ana neno la kusema juu yake. Ghala lile halikupata kujengwa. Inapendeza kuona kwamba hakimu wa nchi ya theluji alifika, kwa njia yake, mahali ambapo bibi yeyote wa Lamu angefika akiulizwa tu nasaba ni nini.

Iko hoja ya tatu, nayo ni nzito, na asiyeijibu hastahili kusikilizwa. Husemwa kwamba masharti haya yataua elimu, na elimu ikifa watakufa wagonjwa. Ni kweli kwamba uchunguzi wa vinasaba umeleta tiba. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu ifanyayo kazi kwa kuhariri vinasaba vya mgonjwa mwenyewe, na mtu aliyepata kumwona mtoto wa selimundu katika maumivu yake hawezi kulipokea jambo hilo isipokuwa kwa furaha. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi kabisa huzaliwa na maradhi hayo, na msomaji anaweza kujipigia hesabu mwenyewe. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba damu yake ichukuliwe bila maswali kwa kuwa faida ni ya wanadamu wote, ana haki ya kuuliza wanadamu hao wote wanakaa mtaa gani.

Lakini jibu lenyewe si bei. Jibu ni kwamba hakuna aliyeomba uchunguzi ukome. Kinachodaiwa ni mtu kurudiwa na kuulizwa. Wahavasupai hawakuikataa elimu. Wao ndio walioiendea na kuibisha hodi. Kama wangerudiwa, wakaambiwa kisukari hakikuonekana, sasa twaomba kutafuta jambo jingine, pengine wangekubali hili na kukataa lile. Husemwa kwamba kuwarudia watoaji ni kazi kubwa na ya gharama. Kwa watu waliokwisha hama au waliokufa, ni kweli. Lakini kijiji cha Supai hakikuhama. Nyumbu wa posta walishuka bondeni juma kwa juma katika miaka yote ile ambayo damu ilikuwa ikitumika, na hawakuchukua barua ya ombi.

Gharama hiyo, kwa hakika, huonekana kubwa pale tu inapomhusu mtoaji damu. Ikiwahusu wenye kugawana faida, mbio na barua hupatikana. Wanawake wa Majengo, Nairobi, waliojipatia riziki kwa ukahaba, walitoa damu kwa watafiti tangu miaka ya 1980, na baadhi yao wakaonekana kuwa hawaambukizwi virusi vya UKIMWI licha ya kukutana navyo mara nyingi. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Oxford waligombana juu ya hati ya kumiliki chanjo iliyokuwa ikijaribiwa kutokana na elimu hiyo, kisha wakapatana. Nairobi walikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo ulikuwa ugomvi wa walinzi wawili juu ya sanduku la mtu wa tatu.

Wasani wa kusini mwa Afrika walichoka kungoja walinzi. Mwaka 2010 vinasaba vya wanaume wanne wa Kisani vilitangazwa katika jarida mashuhuri la sayansi, pamoja na vya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Kila mmoja aliombwa ridhaa yake. Viongozi wa Wasani hawakuulizwa, na katika maandishi yaliyotolewa walikuta maneno na habari walizoziona ni za kuwadhalilisha. Machi 2017 wakatoa mjini Cape Town kanuni zao wenyewe za utafiti, zidaizo heshima, ukweli, haki, huruma, na kufuata utaratibu wa kuomba ruhusa. Si sheria, na hawana polisi wa kuzilinda. Lakini mtafiti atakayekwenda kwa Wasani sasa hawezi kusema kwamba hakujua mlango uko wapi.

Afrika ya Mashariki ina sheria, na kwa hiyo haina udhuru. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga yake ya taarifa binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zimeziweka habari za vinasaba katika daraja la habari nyeti. Hapo zilifanya vema. Lakini sheria ya Kenya, katika kifungu cha 53, yatamka kwamba habari zilizochukuliwa kwa kusudi moja zikitumiwa baadaye kwa utafiti, matumizi hayo yatahesabiwa kuwa yaafikiana na kusudi la kwanza, mradi yawe ya utafiti tu na habari zisitangazwe kwa namna itakayomtambulisha mtu. Kwa habari za kawaida kifungu hicho hakina ubaya mkubwa. Bei za mahindi na hesabu za wanafunzi zitumike. Kwa vinasaba kifungu hicho chazirudisha zote mbili, ridhaa pana na nambari badala ya jina, chini ya muhuri wa serikali. Wakili wa chuo chochote atakayeshitakiwa Nairobi kwa kosa la Arizona atakifungua ukurasa huo kwanza.

Maneno ya kuongeza hapo si mengi: kwamba vinasaba havihesabiwi kuwa havitambulikani kwa kuwa jina limeondolewa, kwamba kazi mpya juu ya damu ya zamani huanza kwa mwenye damu kuulizwa kwa lugha yake, au, akiwa amekufa, kwa kuulizwa warithi wake, na kwamba jokofu lina tarehe ya mwisho, ambayo ikifika damu hurudishwa au huangamizwa mbele ya mashahidi. Bunge lililoandika vifungu zaidi ya 70 juu ya data linaweza kuandika na hiki.